Fundi akigonga mifupa kihambani: maelekezo ya mtunza stoo

Huku kwetu Moshi, mtu akichimba msingi au shimo la choo kihambani (shamba la ukoo lenye makazi na migomba) akakuta mifupa ya binadamu, sururu isimame hapo hapo. Kazi yangu ni kutunza mifupa ya namna hiyo stoo, na inayonitia uchungu ni ile inayoletwa imeshaoshwa kwa sabuni ya unga, ikaanikwa juani na kupakwa vanishi eti ing'ae. Kila hatua hapo imefuta kitu ambacho mtafiti angekisoma.

Mpigie mwenyekiti wa kitongoji na polisi kwanza. Rangi ya kahawia isikudanganye kwamba ni ya kale, maana udongo hutia mfupa rangi. Kujua kama ni jinai ni kazi yao. Wakisharidhika kwamba si jinai, afisa utamaduni wa wilaya atakuunganisha na wahusika wa Mambo ya Kale serikalini. Usiendelee kuchimba mwenyewe kwa udadisi: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali.

Ukiwa unasubiri, piga picha kabla ya kugusa, rula ikiwa pembeni, na uandike kaskazini ni upande gani. Kisha funika kwa kitambaa na udongo laini. Picha hizo zisiende kwenye grupu la WhatsApp. Hakuna anayestahili kukutana na fuvu la babu yake kwenye simu akiwa ndani ya daladala.

Halafu muulize bibi mwenye kihamba, na uangalie kama kuna masale karibu, ile mimea ambayo Wachagga huiheshimu. Zamani katika baadhi ya koo za Kichagga mifupa ilifukuliwa baada ya muda, fuvu likawekwa kwenye chungu chini ya masale. Fuvu la hivyo halijapotea wala halijatupwa. Limewekwa, na waliowekewa wapo, pengine wamekaa barazani wanakutazama unavyopima. Mimi hapo siendelei mpaka ukoo ukae na kusema, hata kama mtafiti ana kibali mkononi na gari linanguruma barabarani.

Ruhusa ikipatikana, vaa glavu na barakoa, kwa sababu jasho na mate yako yanaingiza vinasaba (DNA) vyako kwenye mfupa. Safisha kwa brashi laini na kijiti cha mwanzi, usitumie chuma. Mfupa wenye unyevu ukaushe taratibu kivulini, jua huupasua. Gundi ya dukani marufuku. Ukimomonyoka, mwachie mhifadhi: wengi hutumia Paraloid B-72, aina ya plastiki ya kuimarishia, iliyoyeyushwa kwa asetoni, kwa kuwa inaweza kuyeyushwa tena na kuondolewa. Hata yeye atenge kipande kisichopakwa kitu, cha kupimwa baadaye.

Fungasha kwa karatasi isiyo na asidi. Mfuko wa plastiki uliofungwa huku mfupa bado una unyevu huotesha ukungu. Mifupa ya kushoto na ya kulia iwe mbali mbali, na fuvu lilaze juu ya kata ya kitambaa, kama ile ya kubebea ndoo. Boksi likae kwenye rafu, mbali na ukuta. Wakati wa masika ukuta hutoa jasho na mchwa hawalali.

Lebo ziwe mbili, ndani na nje, kwa penseli: mahali, tarehe, aliyefukua, jina kama linajulikana. Wengine hunicheka kwa ukali wangu hapa. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Tanganyika enzi za Wajerumani. Moja lilikuwa limeandikwa "Akida", naye alikuwa mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi. Zaidi ya miaka mia moja kabatini, na maandishi hayo ndiyo yaliyoonyesha waanze kwa ukoo gani. Meli mwenyewe alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na kichwa chake bado kinatafutwa.

Mengi husomwa bila kukata: nyonga huonyesha jinsia, meno umri, viungo kazi alizofanya. Akija mtu anataka kutoboa mfupa mgumu wa ndani ya sikio, ambao hutunza vinasaba vizuri, aandike anachukua kiasi gani, masalio yatakaa wapi, na majibu ataletewa nani kwa Kiswahili.

Kuonyesha hadharani? Nakala ya plasta inatosha karibu kila mara. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959 wengi wameliona kwa nakala tu, na hakuna aliyedai nauli yake. Kalenga, Iringa, fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 liko kwa watu wake, na hilo ni suala lao. Ukoo ukikubali, weka tangazo kabla ya mlango ili asiyetaka apite, taa hafifu, bila kupiga picha, na maelezo yaanze na mtu alikuwa nani kabla ya vipimo vyake.

Ukoo ukitaka kuzika, rudisha vyote, pamoja na vumbi lililobaki kwenye karatasi na masalio ya maabara. Orodha isainiwe mbele ya mtendaji wa kijiji, nakala moja ibaki kwa mzee wa ukoo.