Kupanga Miinuko ya Reli Nyembamba Kwenye Meza ya Plaiwudi

Reli ya mfano ninayoijenga ni ya geji ya mita (yaani kwenye njia halisi reli mbili huachana kwa mita moja) kwa skeli ya 1:87, na kwenye meza upana wa njia yake ni milimita 12. Reli za kipimo hiki hutengenezwa hasa kwa wapenzi wa treni za milimani za Uswisi, lakini kwa kuwa njia yetu ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu nayo ni ya milimita 1,000, zinatufaa vilevile. Meza yangu ni shiti moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, na ndani ya nafasi hiyo nataka njia ijizungushe mara moja na kujivuka kwa daraja.

Hatua ya 1: Jaribu kichwa cha treni kabla ya kuchora

Nilianza na karatasi na penseli, nikaishia kung'oa kazi ya wiki mbili. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita moja, bandika reli juu yake, ifute kwa spiriti, kisha weka kichwa cha treni pamoja na mabehewa yote unayokusudia yavutwe. Inua ncha moja kidogo kidogo kwa kuingiza vipande vya kadibodi chini yake, na kila unapoongeza kipande, simamisha treni katikati ya mlima na uianzishe tena kutoka hapo, kwa sababu treni inayopanda kwa kasi iliyoanza nayo bondeni hukudanganya. Kila milimita 10 za kimo ni mwinuko wa asilimia 1. Kichwa changu kikiwa na mabehewa sita kilianza kuzungusha magurudumu bila kusogea ubao ulipofika milimita 60, basi nikajiwekea kikomo cha asilimia 5, mzigo unaoongezwa na kona (hatua ya 4) ukiwa ndani yake.

Hatua ya 2: Tafuta kimo kinachohitajika

Behewa langu refu kuliko yote lina kimo cha milimita 44. Ongeza 10 za nafasi ya kupita, 9 za unene wa plaiwudi ya daraja na 5 za reli na mataruma yake, upate 68. Mimi nilichukua 70.

Hatua ya 3: Geuza kimo kuwa urefu

Zidisha kimo kwa 100, kisha gawanya kwa asilimia ya mwinuko. Kwa asilimia 3, milimita 70 zinadai njia ya milimita 2,333, na kwa asilimia 2 zinadai 3,500. Ukisoma michoro ya Waingereza utakuta "1 kwa 50", ambayo ni asilimia 2. Waswisi huhesabu kwa elfu, kwa hiyo 70 kwao ni asilimia 7.

Hatua ya 4: Ihesabu kona kama mlima

Hapa ndipo mipango mingi huharibika. Kwenye kona magurudumu husuguana na reli, na treni huhisi kana kwamba mlima umeongezeka. Kwa makadirio, gawanya 800 kwa nusukipenyo cha kona kwa milimita: nusukipenyo cha 400 huongeza asilimia 2. Mzunguko wangu mzima una urefu wa milimita 2,513 na kwa asilimia 3 hupanda milimita 75, lakini kichwa hukiona kama kinapanda asilimia 5, yaani kikomo changu chote. Usijilinganishe na njia ya Bernina, reli ya milimani ya Uswisi, ambayo hupanda asilimia 7 bila reli ya meno (reli ya katikati inayong'atwa na gurudumu la meno). Mzunguko wake wa Brusio una nusukipenyo cha mita 70, ambacho kwa skeli yetu ni takriban sentimita 80, na duara lake halienei kwenye futi 4.

Hatua ya 5: Lainisha mwanzo na mwisho wa mlima

Usiunganishe tambarare na mlima kwa pembe. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, na kulabu ya behewa la pili ikawa inachomoka kila treni ilipofika kileleni. Acha milimita 300 kila upande ambamo mwinuko unakua au kupungua taratibu. Sehemu hizo hupanda nusu tu ya kile ambacho mlima kamili ungepanda, kwa hiyo ongeza milimita 300 kwenye urefu wa hatua ya 3: 2,333 zinakuwa 2,633. Mimi niliziweka kwenye sehemu zilizonyooka, nje ya kona.

Hatua ya 6: Kata, inua, jaribu

Kata plaiwudi kwa msumeno kando ya njia bila kuitenganisha na meza kwenye ncha zake, kisha iinue kwa vipande vya mbao kila baada ya sentimita 30. Ubao wenyewe utajipinda vizuri mwanzoni mwa mlima kuliko ambavyo ungeupinda kwa mkono. Hakikisha kwa pimamaji kwamba njia haijalala upande, funga kwa skrubu na si gundi, kisha sukuma mabehewa yote sita kinyumenyume hadi juu. Yakiacha reli, legeza skrubu na urekebishe. Kokoto zisimwagwe hadi treni ipande na kushuka pande zote mbili bila kuguswa.