Kabla ya Kutoka Kwenda Miguu: Mwendo Wako Uujue kwa Salamu

Mwaka jana nilitoka na mama mkubwa baada ya sala ya alfajiri, tukashika njia ya Mnazi Mmoja, hapa Unguja, kuelekea Maisara. Mimi nasimulia, yeye ananijibu "naam", "ehe", "naam". Nikadhani ananisikiliza tu. Tulipokaribia Kilimani akanishika mkono: "Mwanangu, mie pumzi sina." Kumbe neno moja moja ndilo lililokuwa likimtoka, na mwendo ule nilioupanga mimi ulikuwa wangu peke yangu.

Kwa hivyo, kabla hujatafuta raba, elewa kwanza kipimo. Mwendo unaofaa kwa mazoezi ni ule unaokupa joto na kuuharakisha moyo kidogo, lakini bado unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Sisi tuna bahati, maana salamu zetu ni ndefu. Ukikutana na jirani ukamwitikia salamu, ukamuuliza hali yake, ya watoto na ya mgonjwa wa nyumbani, yote hayo kwa pumzi ya kawaida, umo kwenye mwendo wako. Ukijikuta unamwinulia mkono tu, punguza. Na kama unaweza kuimba ubeti mzima wa taarabu bila taabu, basi ongeza hatua kidogo. Anayependa hesabu ahesabu hatua kwa nusu dakika: kwa watu wazima wengi, zikikaribia 50 huo ni mwendo wa wastani. Lakini mzee, au mtu anayeanza leo, anaweza kuchoka kabla ya kufika hapo, na pumzi yake ndiyo ya kufuatwa.

Mwendo huo haukai pale pale mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, joto na unyevu hufanya hatua zile zile ulizozizoea kwenye upepo wa kusi zikutoe jasho maradufu. Toka mapema, jua halijapanda, na kunywa maji kabla ya kiu. Walioko Pemba wana jambo jingine, vilima. Mtu wa Chake Chake asilazimishe kupanda kwa kasi aliyokuwa nayo bondeni. Afupishe hatua, mazungumzo yaendelee. Mwezi wa Ramadhani wengi huona nafuu kutembea usiku, baada ya futari kutulia tumboni.

Mwenzako wa njiani mchague kabla, na mkubaliane kwamba aliye taratibu ndiye anayeongoza. Hili nalisisitiza kwa sababu adabu zetu huficha mengi. Mdogo hatamwambia mkubwa wake "umenichosha", na mkubwa naye huona haya kusema amechoka mbele ya watoto. Muulize mwenzako swali linalotaka jibu refu, jana amepika nini na alikipika vipi, kisha sikiliza kama maneno yanakatika.

Mwenye maradhi ya moyo, presha isiyotulia au maumivu ya kifua azungumze na daktari kabla ya siku ya kwanza. Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari aulizie wakati mzuri wa kutembea, na mfukoni awe na pakiti ya juisi au sukari kidogo. Kifua kikibana, kichwa kikizunguka au jasho la baridi likakutoka, simama hapo hapo uombe msaada. Usijikaze ufike nyumbani.

Viatu viwe vya kufunga, ndara ziache mlangoni. Buibui au kanzu isiburure chini, na kama bado kuna giza vaa au shika kitu cheupe kionekane. Magari yetu hupita kushoto, basi pasipo na njia ya miguu tembea upande wa kulia uyaone yanayokujia, bodaboda hasa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Usizianze zote kwa pamoja. Mama mkubwa alianza upya na dakika 10, mwendo akiupanga yeye. Wiki ya nne tulipita tena Kilimani, naye alikuwa katikati ya kisa cha harusi ya jirani, hajanisikia hata nilipomwambia tumeshafika.