Namna ya Kudodosa Kaya Kuhusu Usalama na Hali ya Makazi katika Mitaa Isiyopimwa ya Dar es Salaam

Mwongozo huu umekusudiwa wanafunzi wa vyuo, watumishi wa asasi za kiraia na maofisa wa manispaa wanaojiandaa kufanya utafiti wa kaya katika maeneo kama Tandale, Manzese, Vingunguti au Keko, ambako nyumba nyingi zimejengwa bila viwanja kupimwa na nyumba moja hukaliwa na wapangaji wengi. Kudodosa hali ya makazi na kudodosa usalama huonekana kuwa kazi moja kwa sababu hufanyika katika ziara moja, lakini masharti yake hayafanani: habari za maji, choo na kodi mtu huweza kuzieleza mbele ya jirani yeyote, ilhali habari za uporaji, vitisho na kipigo hazitolewi pakiwa na sikio la pili. Karibu kila uamuzi ulioelezwa hapa unatokana na tofauti hiyo.

Hatua ya 1: Vibali na utambulisho

Anza na kibali cha utafiti kutoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, au barua ya chuo kwa mwanafunzi, kisha barua zishuke kwa ngazi zake: mkoa, wilaya, kata, na hatimaye Afisa Mtendaji wa Mtaa. Usiruke ngazi hata kama muda umekubana, kwa kuwa mwenye nyumba akitilia shaka wageni wenye vishikwambi, mtu anayempigia simu ni mwenyekiti wa mtaa. Kuhusu mjumbe wa shina, kuwa mwangalifu. Anaifahamu milango yote na hakuna anayeonyesha mipaka vizuri kumshinda, ila cheo chake ni cha chama, na akisimama pembeni wakati wa mahojiano majibu hubadilika. Akuonyeshe nyumba, umshukuru, kisha arudi kwenye shughuli zake.

Hatua ya 2: Ukubwa wa sampuli

Sampuli ni kaya chache zinazochaguliwa ziwakilishe zote. Kwa makadirio yenye uhakika wa asilimia 95 na ukingo wa kosa, yaani tofauti inayovumilika kati ya makadirio na hali halisi, wa asilimia 5, hesabu ya kawaida hutoa kaya 385. Idadi hiyo hutosha iwapo kaya zimechaguliwa moja moja kutoka eneo zima. Ukichagua kwanza mitaa michache kisha kaya ndani yake, majirani hufanana na sampuli hupoteza nguvu. Ukizidisha 385 kwa 1.5 ili kufidia upungufu huo unapata 578, na ukitarajia kwamba kaya moja kati ya kumi haitapatikana au itakataa, panga kufikia kaya 642. Bajeti isipotosha, ni afadhali kupunguza maswali kuliko kupunguza kaya.

Hatua ya 3: Kuorodhesha kaya

Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika kabla hata swali moja halijaulizwa. Ramani za setilaiti huonyesha mapaa, na kazi ya Ramani Huria, ambayo tangu 2015 iliwashirikisha wanafunzi na wakazi kuchora mitaa ya jiji, itakusaidia kuona vichochoro na mitaro. Lakini paa si kaya. Chukua nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na choo uani. Mwenye nyumba, aliyekaa barazani, atakuambia kwa nia njema kabisa kwamba yeye ndiye mkuu wa nyumba na kwamba atawajibia wote. Mdodosaji asiyefundishwa ataandika kaya moja na kuondoka, na hapo wapangaji, ambao ndio wanaohama kwa kukosa kodi na kulala na kufuli dhaifu, watakuwa wamefutwa kwenye utafiti.

Kaya ni mtu mmoja au kundi la watu wanaoishi pamoja na kushirikiana katika mahitaji ya kila siku, hasa chakula. Kwa hiyo mdodosaji apite chumba kwa chumba akiuliza nani analala humo na nani anakula na nani. Majiko ya mkaa yaliyopangwa uani hutoa dokezo zuri, lakini yasitumiwe peke yake, kwa kuwa vijana wanaokula kwa mama ntilie hawana jiko, na kila anayejitegemea ni kaya kamili.

Orodha ikikamilika, chagua kwa mpangilio. Mtaa ukiwa na kaya 1,200 na unahitaji 80, utachukua kila kaya ya 15, ukianzia namba itakayotoka kwa bahati nasibu kati ya 1 na 15. Kaya iliyochaguliwa isibadilishwe na ya jirani kwa sababu tu mlango umefungwa. Irudiwe jioni au Jumapili. Wanaoshinda nyumbani mchana si sawa na wanaorudi saa mbili usiku kwa miguu kutoka kituo cha daladala, na hao wa pili ndio wenye mengi ya kusema juu ya vibaka.

Hatua ya 4: Kuandika dodoso

Sehemu ya makazi ijengwe juu ya vigezo vinavyotumiwa na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi: maji, choo, nafasi ya kulala, uimara wa nyumba na uhakika wa kutofukuzwa. Watu zaidi ya watatu kwa chumba kimoja huhesabiwa kuwa msongamano. Kwa maji, uliza chanzo, muda wa kwenda, kupanga foleni na kurudi, kwani dakika 30 ndizo mpaka unaotumiwa kimataifa, na bei ya dumu. Kwa choo, uliza kinatumiwa na kaya ngapi na hufanywaje kinapojaa. Kwenye maeneo ya bonde la Msimbazi uliza pia kama hutapishwa, yaani uchafu kuachiwa utiririke, mvua zinaponyesha, na uulize bila lawama, kwa sauti ile ile uliyoulizia bei ya maji. Kwa umiliki, tofautisha mwenye leseni ya makazi, mwenye hati ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mpangaji asiye na mkataba.

Sehemu ya usalama isianze na swali la jumla kama “Je, hapa kuna usalama?” Mgeni hujibiwa kwa adabu, na utaambiwa kwamba hapa ni shwari, tunamshukuru Mungu. Uliza matendo: “Katika miezi 12 iliyopita, kuna mtu aliyeingia chumbani kwenu bila ruhusa na kuchukua kitu?” Ili miezi 12 isitanuke kuwa miaka mitatu, ifunge kwa tukio linalokumbukwa na wote, kama Idi el-Fitri au masika ya mwaka jana. Kisha weka swali la hisia linalotumiwa katika Malengo ya Maendeleo Endelevu, la jinsi mtu anavyojiona salama anapotembea peke yake katika eneo lake usiku. Usiulize kamwe majina ya wahalifu. Taarifa hiyo haina kazi katika takwimu, na inaweza kumletea mhojiwa madhara.

Hatua ya 5: Mahojiano

Sehemu ya makazi ijibiwe na mtu mzima yeyote anayeijua kaya. Sehemu ya usalama ijibiwe na mtu mzima mmoja aliyechaguliwa kwa bahati nasibu na programu ya kukusanyia majibu, kama KoboToolbox, kutoka kwenye orodha ya wanakaya, si na anayezungumza sana. Mdodosaji asiwe mkazi wa mtaa huo, na maswali ya ukatili wa nyumbani yaulizwe kwa mwanamke mmoja tu kwa kaya, na mdodosaji wa kike.

Korido si mahali pa faragha. Ombeni kukaa uani, chini ya mti, au mrudi siku nyingine. Mwelezeni mhojiwa mapema kwamba mtu akikaribia mtabadili mazungumzo, na mdodosaji awe na swali la akiba: “Kwa hiyo, mama, dumu la maji sasa mnalinunua shilingi ngapi?” Likisemwa kwa utulivu, jirani hupita bila kuhisi lolote. Kila mhojiwa apewe kadi ndogo ya huduma za kawaida, zikiwemo kituo cha afya, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na namba 116 ya watoto, bila neno lolote linaloonyesha alichoulizwa.

Hatua ya 6: Kutunza taarifa, kuchambua na kurudisha matokeo

Majina, namba za simu na vipimo vya GPS vitengwe na majibu siku hiyo hiyo, kama inavyofaa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Msimamizi arudie baadhi ya kaya na kuuliza maswali machache ambayo majibu yake hayabadiliki, kama idadi ya vyumba, ili kuhakiki kazi ya wadodosaji.

Katika uchambuzi wa usalama kumbuka uzito: mhojiwa kutoka kaya yenye watu wazima watano anawawakilisha watano, na anayeishi peke yake anajiwakilisha mwenyewe. Ukipuuza hilo, wanaoishi peke yao watahesabiwa kupita kiasi. Matokeo yarudishwe kwenye mkutano wa mtaa kabla ya ripoti kuchapishwa, yakionyesha mtaa mzima na si shina au kichochoro, kwa sababu palipo na nyumba nane tu wakazi watatambua papo hapo ni nani aliyesema kwamba aliporwa.