Namna ya kusoma takwimu za wazee wa jimbo la Maine

Rafiki yangu anayehudumia wazee huko Portland aliniomba nimwelekeze pa kupata takwimu za umri. Jimbo lenyewe linafaa: Maine inaongoza Marekani kwa umri wa kati, nusu ya wakazi wake wamevuka miaka 44.

Hatua ya 1. Ingia data.census.gov, tafuta jedwali S0101, chagua Maine. Asilimia ya wenye miaka 65 na zaidi imeshapigwa hesabu. Kama shida yako ni hiyo tu, ichukue ukaendelee na kazi.

Hatua ya 2. Chagua kipindi. American Community Survey, utafiti wa Ofisi ya Sensa ya Marekani unaozaa majedwali haya, hutoa takwimu za mwaka 1 kwa maeneo yenye watu 65,000 au zaidi. Madogo yanangoja za miaka 5, yaani majibu ya miaka mitano yaliyounganishwa. Kaunti ya Piscataquis, yenye watu 16,800 kwa sensa ya 2020, utaipata kwenye za miaka 5 tu. Za mwaka 1 za 2020 ziruke, korona ilivuruga ukusanyaji.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukitaka kundi lako mwenyewe, tuseme miaka 75 na zaidi, fungua jedwali B01001: wanaume wako mstari wa 023 hadi 025, wanawake 047 hadi 049. Idadi za watu zijumlishe kawaida. Viwango vya makosa, yale ± ya pembeni, havijumlishwi hivyo. Kila kimoja kizidishe kwa chenyewe, jumlisha majibu, kisha tafuta kipeuo cha pili. ±300 na ±400 zinatoa ±500, si ±700. Mistari kadhaa ikiwa na idadi ya watu sifuri, kama inavyotokea kwenye vijiji, chukua ± moja tu ya sifuri hizo, ile kubwa. Na kumbuka viwango hivi ni vya uhakika wa asilimia 90. Programu ya takwimu ikikudai kosa sanifu (standard error), gawa kwanza ± kwa 1.645. Hata hivyo ± uliyoijumlisha hivi ni makadirio, kwa hiyo ukikuta jedwali lenye makundi machache makubwa, tumia hilo.

Kulinganisha vipindi vya miaka 5 nako kuna mtego. 2014–2018 na 2019–2023, sawa. 2017–2021 na 2019–2023, usithubutu: miaka 3 ni majibu ya watu walewale.

Hatua ya 4. Wazee wenye ulemavu wanaoishi peke yao? Majedwali yasipokuwa na mchanganyiko unaoutaka, pakua PUMS, faili za majibu ya mtu mmoja mmoja bila majina, ufungue kwa R, programu ya takwimu. Excel iachie bajeti ya harusi. Jumlisha uzito ulio kwenye safu ya PWGTP, yaani idadi ya watu ambao kila mstari unawawakilisha, usihesabu mistari. Piscataquis peke yake humo hutaiona: kila eneo la PUMS lina watu wasiopungua 100,000, hivyo imeunganishwa na majirani.