Jinsi ya kujaribu programu kabla haijamfikia mtumiaji: mfano wa mkopo wa kikundi

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilijaribu fomu ya usajili kwa majina mawili: Asha Juma na Juma Hamisi. Ikapita, nikaandika "iko sawa". Siku ya kwanza kutumika, mama mmoja alikwama pale pale mwanzoni kwa sababu jina lake lilianza na Ng'. Skrini ikamwambia: "Jina si sahihi". Jina alilopewa na wazazi wake!

Tangu hapo najaribu kwa mpangilio huu. Mfano wetu ni programu ya simu ya kikundi cha kuweka na kukopa. Ukijua Python kidogo tu utafuata vizuri.

Hatua ya 1: Pata kanuni iliyoandikwa

Usianze kubonyeza. Omba katiba ya kikundi kwanza. Tuseme inasema: "Mwanachama atakopa hadi mara tatu ya akiba yake. Mkopo wa chini ni shilingi 10,000."

Isome polepole, kama mtu anayetafuta ugomvi. "Hadi mara tatu" maana yake mara tatu kamili inakubaliwa au haikubaliwi? Na mwenye akiba ya shilingi 2,000 je? Mara tatu yake ni 6,000, na mkopo wa chini ni 10,000, kwa hiyo huyu hawezi kukopa hata senti. Je, kikundi kinalijua hilo? Muulize katibu, uandike jibu lake. Kasoro nyingi nilizowahi kukuta zilikuwa tayari kwenye kanuni kabla msanidi (anayeandika programu) hajaandika mstari hata mmoja.

Katibu wetu amejibu: mara tatu kamili ruksa, na asiyefikisha akiba asubiri.

Hatua ya 2: Andika jibu kabla ya kujaribu

Hii ni fupi lakini usiiruke: kwa kila jaribio andika kwanza unachotarajia programu ijibu. Ukibonyeza kwanza halafu ndiyo ujiulize kama jibu ni sahihi, macho yatakubali chochote kilichopo kwenye skrini.

Hatua ya 3: Nenda mpakani

Mwanachama ana akiba ya 50,000, kwa hiyo mwisho wake ni 150,000. Wanaoanza hujaribu 80,000, kisha 90,000, kisha 100,000. Hizo zote ni namba moja tu kwa macho ya programu. Ikikubali moja itakubali na nyingine. Hitilafu hukaa pale kanuni inapogeuka: 9,999 na 10,000 upande wa chini, 149,999, 150,000 na 150,001 upande wa juu.

Kuna mpaka mwingine uliojificha. Akiba ya 3,333 mara tatu ni 9,999, haifiki mkopo wa chini. Akiba ya 3,334 ni 10,002, inafika. Shilingi moja inaamua.

Hatua ya 4: Iachie kompyuta kazi ya kurudia

Msanidi ametuletea hii, kwenye faili la mikopo.py:

```
def anaruhusiwa(akiba, mkopo):
    return mkopo >= 10000 and mkopo < akiba * 3
```

Sakinisha pytest, chombo cha kuendesha majaribio ya Python, kwa amri `pip install pytest`, kisha andika faili la test_mikopo.py. Jina lianze na test_ (au liishe na _test.py), la sivyo pytest haitaliona yenyewe.

```
import pytest
from mikopo import anaruhusiwa

@pytest.mark.parametrize("akiba, mkopo, jibu", [
    (50000, 9999, False),
    (50000, 10000, True),
    (50000, 149999, True),
    (50000, 150000, True),
    (50000, 150001, False),
    (3333, 10000, False),
    (3334, 10000, True),
])
def test_mipaka(akiba, mkopo, jibu):
    assert anaruhusiwa(akiba, mkopo) == jibu
```

Andika `pytest` na ubonyeze Enter. Sita yatapita, moja litaanguka: lile la 150,000. Msanidi aliweka `<` mahali pa `<=`. Kwa 80,000 na 100,000 usingeliona hata ungejaribu wiki nzima.

Hatua ya 5: Andika kama watu wanavyoandika

Hapa ndipo mimi hupoteza muda mwingi, na sijutii. Mweka hazina haandiki 150000. Anaandika 150,000, au 150.000, au ananakili kutoka kwenye ujumbe wa simu na nafasi mbili mbele. Kwenye Python, `int("150,000")` hugoma kabisa, jambo ambalo ni afadhali maana utaliona. Cha kuogopa ni `float("150.000")`, ambayo hukubali kimya kimya na kukupa 150.0. Mtu ameomba laki na nusu, daftari limeandika shilingi mia na hamsini.

Jaribu pia sifuri, namba hasi, na sehemu iliyoachwa wazi. Kisha bonyeza kitufe cha "Tuma" mara mbili haraka, mtandao ukiwa unasuasua. Ikitoka mikopo miwili, hapo una kasoro ya pesa, na hiyo haisubiri kesho.

Na majina, bila shaka. Weka Ng', weka jina moja tu lisilo na la ukoo, weka refu. Jihadhari na kitu kimoja: baadhi ya simu hugeuza alama ' kuwa ’ zenyewe. Kwa jicho ni ile ile, kwa programu ni herufi mbili tofauti. Sajili mtu kwa simu, mtafute kwa kompyuta, uone kama anapatikana.

Hatua ya 6: Ripoti ili mwingine aweze kuirudia

"Mkopo haufanyi kazi" si ripoti. Hii ndiyo ripoti:

Kichwa: Mkopo wa mara tatu kamili unakataliwa
Hatua: Ingia kama mweka hazina, fungua mwanachama mwenye akiba ya 50,000, omba 150,000, bonyeza Tuma.
Nilichotarajia: ombi likubaliwe, kama katibu alivyofafanua.
Kilichotokea: "Kiasi kimezidi".
Kwingineko: 149,999 inakubaliwa.

Mstari wa mwisho humwokolea msanidi nusu saa. Ongeza toleo la programu na aina ya simu, na picha ya skrini kama ipo. Usimlaumu mtu ndani ya ripoti, kesho utamhitaji.

Hatua ya 7: Rudia yote, si lililorekebishwa tu

Msanidi akikuambia "nimerekebisha", endesha majaribio yote saba tena. Nimewahi kupokea marekebisho yaliyoweka `<=` vizuri huku yakifuta sharti la shilingi 10,000 kwa bahati mbaya. Jaribio la 9,999 ndilo lililotuambia.

Na kila hitilafu inayotoka kwa mtumiaji, iandikie jaribio kabla haijarekebishwa, uone likianguka kwanza. Faili langu la majina linaanza na Ng' hadi leo.