Runinga ya HD peke yake haitoshi

Ukishanunua runinga ya HD, yaani ya picha kali yenye mistari mingi kuliko ya kawaida, kagua waya unaotoka kwenye king'amuzi. Zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe hazipitishi HD kabisa: wa njano hubeba picha ya kawaida tu, ya mistari 480 au 576, hata runinga iwe ghali namna gani. Weka waya wa HDMI, unaopitisha picha na sauti pamoja. Wa bei nafuu unatosha kabisa kwa umbali mfupi, usishawishiwe vinginevyo. King'amuzi nacho kiwe cha HD, na chaneli iwe inarushwa kwa HD. Halafu, na hapa ndipo wengi hupitwa, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uchague 1080i au 1080p, yaani picha ya HD ya mistari 1080, maana wakati mwingine huwa kimewekwa chini ya hapo.