SOMO: Uagize mzigo lini kabla duka halijakauka

Wakuu, kila wiki naulizwa swali lile lile: "Nitajuaje kuwa wakati wa kwenda Kariakoo umefika?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Duka langu liko Kimara, jumla na rejareja. Mfano wote ni sabuni ya unga, katoni moja tuseme 30,000.

Hatua ya 1. Chagua bidhaa kumi zinazokuingizia hela nyingi. Kiberiti na viwembe kadiria kwa macho.

Hatua ya 2. Andika mauzo ya kila siku kwa siku 30. Daftari linatosha. Yangu: wastani katoni 6, siku iliyochangamka kuliko zote 9. Siku ambayo bidhaa iliisha usiandike sifuri, iruke. Wateja walikuwepo, mzigo ndio haukuwepo.

Hatua ya 3. Pima siku za kusubiri. Hapa ndipo nilipoungua, soma taratibu. Masika moja nilimuuliza wakala mzigo unachukua siku ngapi, akajibu "mbili tu bosi", nami nikaandika mbili. Kumbe mbili hizo zilikuwa zake yeye, tangu anapokata risiti hadi anapopakia. Zangu zilianza usiku niliotuma hela, zikangoja kirikuu, kile kigari cha mizigo, ijae mizigo ya wengine, zikakwama maji yalipofunga barabara pale Jangwani, zikaisha asubuhi vijana walipokuwa wanashusha. Siku tano. Sabuni ilikauka siku tatu, na mteja akikosa sabuni hanunui hata chumvi, anahamia kwa jirani na kikapu chake chote. Kwa kiherehere nikaagiza tena kwa wakala mwingine. Mizigo yote miwili ikaingia siku moja, stoo ikafurika, nyingine nikaipanga sakafuni. Wiki ya pili naiinua katoni ya chini, kitako kikabaki sakafuni, na unga umeganda kama tofali.

ONYO: hesabu tangu hela inatoka mpaka katoni inapangwa kwenye rafu. Rekodi mizigo isiyopungua mitano. Yangu ilikuwa siku 2, 3, 2, 5, 3. Wastani 3, mbaya kuliko yote 5.
ONYO LA PILI: ile mbaya usiifute kwa kusema "ilikuwa mvua tu". Masika yanarudi kila mwaka.

Hatua ya 4. Mauzo makubwa mara siku nyingi: 9 × 5 = 45. Wastani mara wastani: 6 × 3 = 18. Toa, unabaki na 27. Hiyo ndiyo akiba ya tahadhari. Ijumlishe na ile 18, unapata 45.

Hatua ya 5. Mzigo ulioko stoo JUMLISHA ulioko njiani ukishuka hadi 45, agiza siku hiyo hiyo. Ulioko njiani usiusahau, mimi ndio ulionizalishia lile tofali.

MASWALI

Kijana wa Tabata: Mkuu mimi nauza sukari, niagize mifuko mingapi?
Jibu: Unauza mingapi kwa siku?
Kijana wa Tabata: Inategemea.
Jibu: Basi na mifuko ya kuagiza inategemea. Hatua ya 2.

Mzee wa Mbagala: Miaka 12 naagiza kwa macho, sijakwama. Haya ni mambo ya darasani.
Jibu: Shikamoo mzee. Sijasema ufumbe macho. Ila siku ukisafiri wiki mbili, kijana wa dukani atatumia macho ya nani?

Dada wa Sinza: Nimesoma mara mbili. 27 na 18 inarudi 45, ambayo ndiyo 9 × 5. Sasa kwa nini tuzunguke?
Jibu: Dada, umeona kitu ambacho wengi hawakioni. Nazunguka ili ile 27 ionekane peke yake, maana ndiyo hela iliyolala: 27 kwa 30,000 ni 810,000. Sasa tuseme kuna wakala analeta siku ya 3, kila mara, mvua au jua. 9 × 3 ni 27, toa 18, akiba inakuwa katoni 9. Umepunguza katoni 18, yaani 540,000 imerudi kwenye mtaji. Huyo hata akiwa ghali kidogo, unajua unalipia nini. Na njia hii ni ya woga: inachukulia kuwa siku ya wateja wengi na siku ya wakala kuchelewa zitagongana. Mwenye rekodi ndefu anaweza kutumia hesabu za mtawanyiko, yaani kupima namba zinavyopishana na wastani, akiba ikashuka zaidi.

Dada wa Sinza: Nimekuelewa. Na nikiagiza, nichukue ngapi?
Jibu: Ipo kanuni ya Ford Harris wa Marekani, ya tangu 1913. Mbili mara mauzo ya mwaka mara gharama ya safari moja ya kuagiza, gawa kwa gharama ya kutunza katoni moja mwaka mzima, halafu kipeuo cha pili. Kwangu mauzo 1,800 (katoni 6 kwa siku 300 za kazi), safari 15,000, kutunza 6,000, inakuja kama 95. Mimi nachukua 80 kwa sababu stoo haimezi zaidi. Karibu na namba ile gharama haibadiliki sana, usinyimwe usingizi na katoni kumi.

Mdau wa Kigogo: Hilo tofali lako lisingetokea ungepanga juu ya chaga.
Jibu: Kweli, sasa ninazo. Fundi wa mtaani alizigonga kwa mbao za makreti. Acha upana wa kiganja kati ya mzigo na ukuta ili hewa ipite, na mzigo mpya upange nyuma, wa zamani mbele.

Kijana wa Tabata: Nimeandika wiki nzima. 2, 3, 2, 2, 3, 7, 2.
Jibu: Safi sana. Hiyo 7 ni siku gani?
Kijana wa Tabata: Jumamosi, kulikuwa na shughuli mtaa wa pili. Niitoe?
Jibu: Iache humo humo. Endelea mpaka zifike 30.